Mwongozo Kamili: Kupanga Orodha ya Hevi Metali ya Majira ya Baridi Utakayoisikiliza Mpaka Mwisho

Kila baridi inapobisha hodi, watu hunitumia orodha zao za hevi metali na malalamiko yaleyale: "Nyimbo zote nazipenda, lakini nikifika wa tano nazima." Nikiifungua orodha yenyewe, karibu kila mara nakuta kosa moja. Mwenyewe ameandika neno "baridi" au "theluji" kwa Kiingereza kwenye kisanduku cha kutafutia, akazoa kila kilichojitokeza, akabonyeza kucheza.

Baridi ya muziki haikai kwenye jina la wimbo. Inakaa kwenye mlio wa gita, kwenye mwangwi, na zaidi ya yote kwenye kile kilichotangulia na kile kinachofuata. Ukilishika hilo, hatua zote zilizo hapa chini zitakuwa nyepesi.

Historia ya muziki huu siigusi. Tuingie kazini.

## Vinavyohitajika

- Hedifoni zinazofunika sikio zima, au spika mbili zilizotenganishwa. Spika ya simu haifai kabisa: besi inapotea, gita linageuka mlio wa mafuta yanayochemka kikaangoni.
- Programu ya muziki yenye mambo matatu: kusikiliza bila mtandao, kucheza nyimbo bila pengo katikati, na kusawazisha kiwango cha sauti kati ya wimbo na wimbo.
- Karatasi na kalamu. Usitumie simu kuandika. Ukiishika simu umeshaondoka kwenye muziki.
- Nyimbo 30 za kuanzia. Zaidi ya nusu utazitupa, usizionee huruma.
- Jioni tatu, na zisifuatane. Sikio lililochoka halina hukumu.

## Hatua ya 1: Amua ni baridi gani unayoitaka

Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu wanadhani baridi ni moja. Siyo. Kuna baridi ya dhoruba, upepo unapiga usoni na huoni mita kumi mbele. Kuna baridi iliyotulia, theluji imeshaanguka, hakuna kinachosogea. Halafu kuna baridi ya ndani: dirisha limefungwa, moto unawaka, nje kuna giza saa kumi jioni.

Andika juu ya karatasi yako ipi ndiyo itatawala. Hizo nyingine mbili zitakuja kama wageni. Orodha inayotaka kuwa zote tatu kwa usawa huishia kuwa rundo tu.

Usisubiri Desemba kama uko kusini mwa dunia. Huko baridi yenyewe ni Juni mpaka Agosti, na nyimbo za Krismasi zitakaa vibaya kabisa. Tutazirudia baadaye.

Dalili ya kufaulu: unaweza kusema kwa sentensi moja orodha yako inatokea wapi na saa ngapi. "Msituni, jua likizama" inatosha. "Nyimbo nzuri za baridi" haitoshi.

## Hatua ya 2: Pima wimbo kwa sikio, usisome jina

Chukua "Snowblind" ya Black Sabbath, ya mwaka 1972. Jina linasema kupofuka kwa theluji. Wimbo wenyewe unahusu kokeini. Umejaa kwenye orodha za majira ya baridi utadhani mtu alilipwa kuuweka. Sasa chukua "Stranger in a Strange Land" ya Iron Maiden, kutoka albamu ya mwaka 1986. Jina halina hata chembe ya barafu, lakini wimbo unasimulia mvumbuzi wa Aktiki aliyefia huko na mwili wake ukabaki ndani ya barafu. Ukitafuta kwa majina utaupata wa kwanza na kuukosa wa pili.

Hata wimbo wenye jina la kweli unaweza kukuangusha. "Trapped Under Ice" ya Metallica, mwaka 1984, unahusu barafu kweli. Lakini usikilize: gita linapigwa kwa nota fupi, kavu, zilizozibwa kwa kiganja. Mwili unataka kuruka. Huo ni wimbo wa jasho. Mimi nauweka kwenye orodha ya mazoezi.

Basi pima hivi. Fumba macho, sikiliza dakika mbili za kwanza, kisha andika majibu matatu.

Nota zinaachiwa au zinakatwa? Nota iliyozibwa kwa kiganja ina joto, inakusukuma. Nota iliyoachiwa ikalia mpaka ikafa yenyewe ina ubaridi. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote.

Mkono unakimbia lakini wimbo umesimama? Kwenye blaki metali, tawi la hevi metali lenye kasi na sauti za kukwaruza, mpiga gita hukwangua uzi mmoja juu chini kwa kasi mpaka nota hazihesabiki tena. Zinaungana zikawa kama pazia moja. Chini yake kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinabadilika polepole. Ndiyo maana muziki wa kasi namna ile unaweza kukutuliza: chembe zinakimbia, mandhari haisogei. Theluji inavyoanguka ni vivyo hivyo.

Kuna chumba ndani ya wimbo? Sikiliza nyuma ya ngoma. Albamu ya kwanza ya bendi ya Emperor ya Norwe, "In the Nightside Eclipse", ilirekodiwa Grieghallen, ukumbi wa matamasha wa mjini Bergen, na vinanda vimetandazwa juu ya kila kitu, unasikia ukubwa. "Transilvanian Hunger" ya Darkthrone, ya mwaka 1994, ilirekodiwa kwa mashine ndogo ya kurekodia yenye njia nne tu za sauti, na mtu mmoja akapiga vyombo vyote. Hapo hakuna ukumbi. Ni gita jembamba, kali, na ngoma zinazoanza kwa mwendo mmoja na kumaliza kwa mwendo uleule, dakika sita nzima. Zote mbili ni baridi. Ya kwanza ni ya bonde zima, ya pili ni ya chumba kisicho na moto.

Onyo: usipime nyimbo zaidi ya kumi kwa kikao kimoja. Baada ya hapo kila kitu kitaanza kufanana na utakubali chochote.

## Hatua ya 3: Jaza vikapu vitatu

Gawanya karatasi sehemu tatu: Dhoruba, Utulivu, Moto. Kila wimbo uliopita kipimo uende kwenye kikapu chake. Bendi moja isizidi nyimbo tatu, la sivyo utakuwa umetengeneza albamu ya mkusanyiko ya bendi hiyo.

Dhoruba. Anza na Immortal wa Norwe. Hawa walijitungia ufalme mzima wa barafu wanaouita Blashyrkh, na huwezi kukosea ukianzia albamu ya "At the Heart of Winter" ya mwaka 1999. Ina nyimbo sita tu, nyingi ndefu, na gita linasikika safi kuliko kwenye kazi zao za awali. Nawapendekezea wageni albamu hii badala ya "Pure Holocaust" ya 1993, ambayo ni dhoruba kweli lakini imeziba masikio. Ongeza Windir, nao wa Norwe, waliokuwa wakiimba kwa lahaja ya kwao Sogn na kuchanganya nyimbo zao na miondoko ya kiasili; albamu ya "1184" ya mwaka 2001 ndiyo mlango. Ukitaka kasi yenye kung'aa zaidi, Wintersun wa Ufini wana "Winter Madness", na safari hii jina na sauti vimekubaliana.

Utulivu. Hapa ndipo wengi wana upungufu, na hapa ndipo orodha zao zinapofia. Agalloch wa Portland, Marekani, ndio nguzo yangu. Sólstafir wa Aisilandi wana "Fjara", ambayo jina lake lina maana ya ufuko, tena mwimbaji anaimba kwa sauti ya kawaida bila kukwaruza koo. Ulver wana "Bergtatt" ya mwaka 1995, ambapo sauti zinazoimba kama kwaya zinaingiliana na mayowe. Swallow the Sun wa Ufini walitoa "Songs from the North" mwaka 2015, albamu tatu kwa mpigo: ya pili karibu yote ni magita yasiyo ya umeme, ya tatu ni dumu metali nzito ya mazishi. (Dumu metali ni hevi metali ya mwendo wa polepole: jina limeangukia pazuri kwetu, maana wimbo mmoja unaweza kudumu robo saa bila kubadili mwendo.)

Moto. Hivi ni vya kumalizia, au vya kupumzikia. Rob Halford wa Judas Priest alitoa albamu ya "Winter Songs" mwaka 2009, nyimbo za sikukuu kwa koo lilelile la chuma. Savatage walitunga "Christmas Eve (Sarajevo 12/24)" mwaka 1995 kwenye albamu yao kuhusu vita vya Bosnia. Mwaka uliofuata wimbo huohuo ulitolewa tena kwa jina la Trans-Siberian Orchestra, na watu wengi wanaujua kwa jina hilo. Type O Negative wana "Red Water (Christmas Mourning)", ya 1996, kwa yule ambaye sikukuu zinamkumbusha waliokwishaondoka.

Onyo la dhati: chunguza bendi kabla ya kumtumia mtu orodha. Baadhi ya wanamuziki wa mwanzo wa blaki metali ya Norwe walipatikana na hatia ya mauaji na ya kuchoma makanisa, na zipo bendi zinazobeba siasa za ubaguzi wa rangi waziwazi. Hata hiyo "Transilvanian Hunger" ilizua lawama za ubaguzi kwa maneno yaliyoandikwa kwenye toleo lake la kwanza, na bendi ikalazimika kujieleza. Mimi nimeibakiza kwa ajili ya ngoma zake. Wewe ukiiruka sitakuuliza.

Dalili ya kufaulu: kikapu cha Utulivu kina nyimbo nyingi kama cha Dhoruba, au zaidi. Kama Dhoruba imejaa na Utulivu una mbili, rudi ukatafute.

## Hatua ya 4: Kata mpaka ibaki dakika 80 hadi 90

Kwa nini huo muda? Kwa sababu nyimbo za aina hii ni ndefu, na chini ya saa moja hazijakuingiza mahali popote. Zaidi ya saa moja na nusu mtu anaanza kuangalia saa. Hesabu dakika, usihesabu nyimbo. Nyimbo kumi na moja zinatosha kabisa.

Kata kwanza nyimbo mbili zinazofanya kazi moja. Ukiwa na nyimbo nne zinazoanza kwa upepo uliorekodiwa, bakisha mmoja. Mlio wa upepo ni kama pilipili.

Kisha kata wimbo unaoupenda kwa sababu zisizohusu baridi. Huu ndio mkato mgumu. Nimewahi kung'ang'ania wimbo mmoja wa kishujaa misimu mitatu mfululizo, na kila mwaka uliharibu palepale, kwa sababu ulikuwa wimbo wa kiangazi uliovaa koti.

## Hatua ya 5: Panga

Usione vyaelea, vimeundwa. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo jioni yako ya pili itakapoishia.

Kanuni ya kwanza: usianze na dhoruba. Sikio lililotoka kwenye mazungumzo, redio na magari halijawa tayari. Ukilipiga na ngoma za mfululizo mara moja linajifunga, na likijifunga utahitaji nusu saa kulifungua.

Kanuni ya pili: dhoruba zisizidi tatu mfululizo. Si suala la uchovu tu. Kasi husikika kwa kulinganishwa na kitu kingine. Ngoma zikikimbia dakika ishirini bila kupumzika, sikio linaacha kuzisikia kama kasi na kuzigeuza mvumo wa nyuma, kama mtambo wa jirani. Muziki bado mkali, lakini hausikii tena ukali. Wanaozima wimbo wa tano wanazimia hapa.

Kanuni ya tatu: wimbo mrefu kuliko yote uwekwe mapema. Watu huuweka mwisho kama kilele. Matokeo yake unafika kwa msikilizaji aliyechoka. Ukiuweka wa pili, unamfundisha mwendo wa safari nzima: hapa hatuna haraka.

Nikuonyeshe kwa mfano wa orodha yangu, inayochukua kama dakika 84.

Nafungua na kipande cha kwanza cha albamu ya "The Mantle" ya Agalloch, ya mwaka 2002. Ni dakika mbili na kidogo, hakuna kuimba. Bila pengo unafuata "In the Shadow of Our Pale Companion", karibu dakika 15. Usikilize huu kwa makini hata kama hutaufuata mpango wangu, kwa sababu ndani yake kuna somo lote: gita la mbao halitoki kabisa, linapigwa chini ya yale ya umeme, kwa hiyo hata wimbo unapojaa unasikia vidole vya mtu. Sauti inabadilishana, mara inaimba, mara inakwaruza kama mnong'ono wa aliyekaukiwa koo. Ngoma hazimkimbizi mtu. Ukimalizika umeshasahau ulikuwa unafanya nini kabla.

Kisha wimbo wa kwanza wa "Bergtatt" ya Ulver, dakika nane, kama daraja: bado una msitu na sauti za kwaya, lakini mkwaruzo wa gita umeshaanza kutanda. Hapo dhoruba imeruhusiwa kuingia. Naweka "Solarfall" ya Immortal, "Transilvanian Hunger", halafu "Into the Infinity of Thoughts" ya Emperor. Tatu, kama kanuni isemavyo, jumla dakika 20. Angalia mpangilio wenyewe: gita nene, kisha jembamba, kisha ukumbi mzima. Ukiiweka Darkthrone mwisho wa hizo tatu, itasikika kama spika imekufa. Ikikaa katikati inakuwa chumba kidogo unachopita kabla ya mlango mkubwa kufunguka.

Baada ya hapo "Fjara". Mapumziko. Baada ya dakika 20 za mayowe, sauti ya mtu anayeimba tu inagusa kuliko ingekugusa peke yake.

Rudi kwenye upepo kwa mara ya mwisho: "At the Heart of Winter", dakika nane, na "Journey to the End" ya Windir, karibu kumi. Mbili zinatosha, kwa kuwa msikilizaji sasa anaijua njia.

Mwisho, ingia ndani ya nyumba. "Stranger in a Strange Land" inarudisha hevi metali ya kawaida, yenye kiitikio unachoweza kukiimba, na unafunga na "Red Water". Ukiwa kusini mwa dunia, au kama Krismasi si sikukuu yako, badilisha huo wa mwisho na kipande chochote kutoka sehemu ya pili ya "Songs from the North".

Dalili ya kufaulu: ukiondoa wimbo wowote katikati, unasikia shimo. Kama unaweza kuhamisha nyimbo mbili na hakuna kilichobadilika, bado hujapanga.

## Hatua ya 6: Kagua mishono na kiwango cha sauti

Usisikilize orodha nzima bado. Sikiliza sekunde 30 za mwisho za kila wimbo na 30 za mwanzo za unaofuata. Mshono mbaya utausikia papo hapo: kinanda kinafifia polepole halafu ngoma inakudunda kichwani. Wakati mwingine dawa ni kubadilisha nafasi za nyimbo mbili tu.

Zima mpangilio wa kuzipandanisha nyimbo, ule unaoanzisha wimbo mpya kabla wa kwanza haujaisha. Ni mzuri kwa muziki wa dansi. Hapa unaua vimya vya mwisho, na vimya hivyo ndivyo ulivyovilipia.

Zima pia uchezaji wa kuchanganya. Nakutajia kwa sababu kuna mtu alinilalamikia mwezi mzima kuwa mpango wangu haufanyi kazi, kumbe kitufe kilikuwa kimewaka.

Halafu washa usawazishaji wa sauti, na uchague ule unaopima wimbo mmoja mmoja, si albamu nzima. Rekodi nyingi za miaka ya 1990 zina sauti ya chini kuliko za leo. Bila kusawazisha utaongeza sauti kwa ajili ya wimbo wa zamani, na wimbo wa 2004 utakuja kukuchana masikio.

Usiongeze besi kwenye ikwalaiza, kile kirekebisho cha besi na sauti kali, ili "kurekebisha" blaki metali ya zamani. Wembamba wake ulikusudiwa. Ukiinua besi unapata matope, na ubaridi umekwisha.

Kuhusu masikio yenyewe: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila sauti inavyopanda muda huo unapungua haraka. Simu nyingi zina kipimo ndani. Kiangalie mara moja ukiwa katikati ya dhoruba, si kwenye wimbo wa kwanza wa polepole.

## Hatua ya 7: Jaribu mara mbili

Mara ya kwanza, ndani, usiku, taa zimepunguzwa, simu imegeuzwa kifudifudi. Kila akili inapotangatanga, andika saa kwenye karatasi, usisimamishe muziki. Mwishoni linganisha na nyimbo. Alama moja moja hazina neno. Alama tatu kwenye wimbo mmoja, wimbo huo nje. Lakini angalia kwanza uliotangulia, maana mara nyingi mkosaji ni yule aliyekuchosha kabla.

Mara ya pili, subiri siku nne au tano, kisha sikiliza ukiwa unafanya jambo la mikono: kupika, kufua, kukunja nguo. Orodha nzuri inavumilia kusikilizwa nusunusu.

Dalili ya kufaulu: wimbo wa mwisho unaisha na unakaa kimya kidogo kabla ya kunyoosha mkono kuchukua kitu.

## Hatua ya 8: Ukitaka kutoka nayo nje

Pakua orodha kabla ya kutoka. Weka simu mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi hupunguza mwendo wa kemia ndani ya betri za lithiamu, na simu nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Chini ya hapo inaweza kuzima ghafla huku ikionyesha chaji bado ipo. Ukirudi ndani usiichaji papo hapo. Iache ipate joto polepole kwanza, kwa sababu unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya kitu baridi kikiingia penye joto.

Sikio moja liwe wazi karibu na barabara. Theluji humeza milio, magari yanakufikia kimyakimya, na wewe una ngoma kichwani.

Na hali ya hewa ikiharibika, rudi. Valfar, aliyeianzisha Windir, alikufa Januari 2004 kwa baridi kali, alipokuwa akitembea kwenda kwenye kibanda cha familia yake na dhoruba ikamkuta njiani. Alikuwa amekulia milima ileile. Ninapoiweka "Journey to the End" karibu na mwisho, naiweka nikilijua hilo, na mara nyingi nashindwa kuusikiliza kama wimbo tu.

## Kama huna jioni tatu

Tumia kazi iliyokwishapangwa na mwenyewe. Insomnium wa Ufini walitoa "Winter's Gate" mwaka 2016: wimbo mmoja, dakika 40, kisa cha mabaharia wa Kiviking wanaokitafuta kisiwa huku baridi inawakaribia. Dhoruba, utulivu na moto vyote vimo, kwa mpangilio sahihi. Moonsorrow nao, kwenye albamu yao ya tano ya mwaka 2007, wana nyimbo mbili tu, na wa kwanza unapita nusu saa. Ukitaka usiku mzima, Paysage d'Hiver wa Uswisi ana "Im Wald" ya mwaka 2020, kama saa mbili za upepo na gita lililozama ndani ya mvumo. Hiyo ya mwisho usimpe mgeni.

## Bado inagoma?

*Sauti za kukwaruza zinanikera.* Anza na Sólstafir, Halford na Iron Maiden, kisha sehemu za kuimba za Agalloch. Usijilazimishe Darkthrone ili uonekane mjuzi. Jaribu kuisikia ile sauti kama chombo kimojawapo, acha kutafuta maneno.

*Zote zinasikika sawa.* Umepita dhoruba tatu mfululizo, au unasikilizia spika ya simu.

*Inanihuzunisha kupita kiasi.* Punguza dumu metali, peleka kikapu cha Moto katikati badala ya mwisho, na usisikilize peke yako usiku kila siku. Ikiwa huzuni inabaki hata muziki ukiwa umezimwa, zungumza na mtu unayemwamini au daktari.

*Rafiki niliyemtumia aliacha wimbo wa pili.* Huo wa dakika 15? Mtumie orodha ileile ikianzia "Fjara", halafu huo mrefu umrudishie baridi ijayo.